Pacha Ambaye Hakuzaliwa

Harufu ya makayabo haitoki kwa sabuni. Nasema hivyo kwa sababu mama yangu alijaribu kila sabuni iliyouzwa katika soko la Bunia, akajaribu ndimu, akajaribu majivu, na bado kila asubuhi nilipoingia darasani na shati langu jeupe na sketi ya bluu, msichana wa dawati la mbele alifunika pua kabla sijafika alipo. Samaki hao wa chumvi walipandishwa kutoka Kasenyi, kule ziwani, kwa malori na kulala nasi chumba kimoja, maana ndicho chumba pekee tulichokuwa nacho, magunia upande wa dirisha na sisi upande wa mlango. Mpaka leo nikipita kwenye meza za wauza samaki narudishwa utotoni nikipenda nisipende. Kuna watu ambao harufu za utotoni huwaliza. Mimi hunipandisha hasira, na nitaeleza kwa nini, ila mnivumilie, kwa sababu hasira yenyewe ni ndefu.

Tulitoka ng'ambo ya ziwa, upande wa Uganda. Baba alipofariki, ndugu zake walichukua shamba na nyumba, wakamwachia mama sufuria na mimi. Mama akapanda mtumbwi wa injini uliokuwa ukivuka kuja kununua samaki Kasenyi, akawafuata samaki hao hao wakipanda mlima hadi Bunia, na hakurudi tena. Hakuna aliyetuuliza chochote siku ile. Watu wanaohutubia juu ya mipaka hawalielewi jambo hili dogo: kuvuka ni rahisi, kazi ni kukaa. Sikuwa na karatasi ya Uganda, kwa kuwa nilizaliwa nyumbani na hakuna aliyekumbuka kuniandikisha, wala sikuwa na ya Kongo, kwa kuwa sikuzaliwa Kongo. Tungekamatwa tungerudishwa, na kule hakukuwa na nyumba wala shule iliyotusubiri. Basi mama akanifundisha sentensi moja, kama watoto wengine wanavyofundishwa sala ya kulala: "Siye ni watu ya Mahagi."

Alichagua Mahagi kwa sababu iko mpakani, na mtu wa huko akiongea kwa lafudhi ya ng'ambo hakuna anayegeuka kumtazama. Tena miaka ile familia za Djugu zilizokimbia vita zilikuwa zikiingia mjini na magodoro kichwani, na mjini jina lako liliulizwa liko upande gani kabla wewe hujaulizwa habari za asubuhi. Mama hakutaka upande wowote, na Mahagi ilikuwa mbali kidogo na balaa lile. Wazo lilikuwa zuri. Tatizo la mama yangu, Mungu amzidishie umri, ni kwamba wazo zuri hulifikisha nusu ya njia, akaliacha hapo, akaenda kupika.

Siku ya kuniandikisha shule, darasa la tatu, katibu aliuliza majina yangu. Mama akataja mawili, la ukoo na la ubatizo. Katibu akabaki ameinua kalamu. Wasomaji wa mbali niwaeleze kwamba Mkongomani huwa na majina matatu, na lile la katikati, ambalo sisi shuleni tunaliita kwa Kifaransa postnom, ndilo la asili, ndilo linalosema wewe ni mtoto wa nani. Kuwa na majina mawili Bunia ni kama kuvaa kiatu kimoja. "Mutoto haiko na postnom?" katibu akauliza. "Sasa huyu ni mutoto wa wapi?" Niliona jasho likimtoka mama juu ya mdomo. Asubuhi ile ile sokoni mwanamke mmoja alikuwa akimwita mwenzake kwa sauti kubwa kutoka meza hadi meza, na jina hilo ndilo lililokuwa bado masikioni mwa mama. "Acen," akasema. Katibu akaandika, akapiga muhuri, na mama akatoka nje akijipepea kwa furaha.

Sasa sikilizeni uzembe wenyewe. Kwa Waalur, ambao ndio watu wa Mahagi, Acen si jina la kuokota. Ni jina la msichana pacha aliyezaliwa wa pili. Wa kwanza huitwa Apiyo. Mahagi nzima inajua hivyo, na Bunia, ambako Waalur ni majirani wa kila mtu, inajua pia. Asiyejua alikuwa mwanamke mmoja tu, yule aliyekuwa akijidai ametoka Mahagi. Kesho yake asubuhi, mama muuza mandazi wa getini alinisikia nikiitwa, akanikunjulia uso. "Acen! Na mapasa wako iko wapi?" Mapasa ni mapacha. Mimi, mtoto wa miaka minane, niligeuka kutazama nyuma yangu, na yule mama, kwa huruma, akanipa mandazi mawili, kwa kuwa pacha hapewi kitu kimoja. "Hii ya weye, hii ya Apiyo." Niliyala yote mawili nyuma ya choo, nikaenda kumuuliza mama Apiyo ni nani.

Nilitegemea angelirekebisha. Wapi! Kule sokoni walikuwa tayari wameanza kumwita Mama Mapasa, wakimsogezea kiti, wakimpisha kwenye kivuli, maana mama wa mapacha huheshimiwa. Mwanamke aliyekuwa hapishwi popote tangu azaliwe, sasa anapishwa! Kulikana jina kungekuwa kukana Mahagi, na kukana Mahagi kungekuwa kukiri ng'ambo. Basi akawaambia wauza samaki kwamba Apiyo amebaki kwa bibi yake. Wiki iliyofuata, wauza unga walipombana kwa maswali, akawaambia Apiyo alifariki. Nikawa naishi mtaa mmoja na dada aliye hai upande wa samaki na marehemu upande wa unga. "Mama, Apiyo ni mzima au amekufa? Amua!" nilimwambia. Akanijibu bila hata kuinua macho kwenye maharage yake, "Inategemea nani anauliza, Abwoli." Abwoli ndilo jina la mapenzi, la kwetu ng'ambo, aliloniita nyumbani, kwa sauti ya chini na mlango umefungwa.

Mnaweza kucheka. Hata mimi nacheka siku hizi, siku nikiwa nimeshiba. Lakini mtoto niliyekuwa hakucheka. Kila pikipiki iliyosimama nje ya darasa ilinibana mkojo. Asubuhi, bendera ikipanda na wenzangu wakiimba wimbo wa taifa, nilifungua mdomo kidogo tu, kwa kuwa niliamini kuna mtu anatazama midomo yetu na atajua wangu unaazima maneno. Usingizi uliniruka. Sikuwa na rafiki wa kumwambia, kwa sababu rafiki ana mdomo. Na watu wazima waliokuwa wakiniona nimekonda, walimu, mashemasi, majirani, kila mmoja alikuwa na dawa ile ile mfukoni: jikaze. Jikaze, Acen. Uwe na moyo. Wenzako wa Djugu wamepoteza zaidi. Nilikuwa nikijikaza tangu asubuhi hadi misuli inauma, na bado walitaka nijikaze!

Nilipofika darasa la sita mambo yakawa mabaya zaidi, kwa sababu mwisho wa mwaka ule kuna mtihani wa taifa, na asiyeufanya hana pa kwenda. Mwalimu mkuu, tuliyemwita Direktere, mzee mwenye koti moja la kahawia, alianza kudai karatasi za kuzaliwa. Alidai Jumatatu, akadai tena Jumatatu nyingine, akisoma majina ya ambao hawajaleta mbele ya shule nzima, na langu halikukosekana. Nilipenda shule kwa uchu. Hesabu nilikuwa nazitafuna. Nilijua kabisa kwamba nikikosa mtihani ule nitamaliza maisha yangu nikipanga makayabo, na hofu hiyo niliibeba peke yangu, maana nikiitaja nyumbani mama alitazama ukuta.

Mwaka huo huo shirika fulani lilikuja kusimika turubai uani kwa shule, kwa ajili ya watoto waliokimbia vita na wengine wote walioonekana hawako sawa. Mimi nilionekana siko sawa. Alikuwepo Madame Clarisse, mwanamke mnene mwenye sauti laini na kalamu za rangi za kutosha mtaa mzima. Alituambia tuchore familia zetu. Nikamchora mama, nikajichora mimi, nikachora na gunia la samaki, kwani mle chumbani lilikuwa kama mtu wa tatu. Madame akachuchumaa kando yangu. "Na Apiyo?" akauliza polepole. Bila shaka alikuwa ameshaambiwa jina langu, na jina langu lilikuwa limeshamwambia yaliyobaki. Ee Mungu wangu, nilitamani kuitafuna ile kalamu. Nikamchora Apiyo, mdogo, pembeni kabisa ya karatasi.

"Apiyo iko wapi?" Nilikuwa nimechoka. Sikukumbuka kama Madame yuko upande wa samaki au upande wa unga. Nikasema la karibu zaidi na mdomo: "Iko ng'ambo." Kwa nini hakuja? "Haiko na karatasi." Anaogopa nini? Hapo, jamani, kitu kikafunguka ambacho sikukifungua mimi. Nikasema Apiyo halali usingizi. Apiyo akisikia pikipiki inasimama anafikiri wamekuja kumchukua na mama yake. Apiyo anashinda darasa zima kwa hesabu lakini hawatamwacha afanye mtihani. Apiyo amekatazwa kusema, kwa hiyo hasemi, na kichwa kinamuuma kwa kutosema. Nililia mpaka kamasi zikashuka kwenye picha. Miaka mitatu nilikuwa nikimchukia huyo dada wa uongo, na siku ile ndiye aliyenibebea mzigo. Nilirudi nyumbani nikalala kama magunia yetu.

Ningependa kusema kwamba hadithi inaishia hapo, kwa kalamu za rangi na usingizi mtamu. Lakini watu wema hawajui kuacha kitu mahali pake. Wiki iliyofuata Madame Clarisse alinipokea anang'aa. Alikuwa ameongea na wakubwa wake. "Acen, tutamutafuta Apiyo. Tutamuleta, mukae wote na mama." Ijumaa angekuja nyumbani, pamoja na bwana mmoja wa mambo ya mpaka, wachukue habari kwa mama: watoto walizaliwa wapi, tulivuka lini, huyo mwingine yuko kwa nani. Aliyasema hayo huku amenishika mabega yote mawili, amefurahi kupita kiasi, na mimi nikatapika uji juu ya viatu vyake.

Mama aliposikia hakupiga kelele. Alisimama, akachukua kanga mbili, akaanza kufunga mizigo. "Kesho tunashuka Kasenyi," alisema. Na mtihani? "Abwoli, mtihani gani?" Hapo ndipo nilipomfokea mama yangu kwa mara ya kwanza maishani. Nilimwambia aliniokotea jina sokoni kama nyanya iliyoanguka. Nilimwambia angeweza kuuliza, angeuliza mtu mmoja tu, jina hili lina maana gani, lakini yeye hakuuliza, alikuwa anafurahia kupishwa kivulini! Nilimwambia sishuki Kasenyi, sivuki ziwa, nitaingia kwenye chumba cha mtihani hata nikitolewa kwa kuburutwa. Mama akaketi juu ya mzigo wake akaanza kulia, na mimi nikalia kwa kuwa analia, tukawa tunalia kwa hasira kila mtu kwenye kona yake.

Ukuta wetu ulikuwa wa udongo na upande wa pili aliishi Mama Ukumu, mjane aliyeuza unga wa muhogo, mtu wa Mahagi wa kweli kweli. Aliingia bila hodi, mikono myeupe hadi kwenye viwiko. "Munanisumbulia kichwa," alisema. "Na siku yote munanidharau. Munafikiri miye sijui? Miye najua tangu siku ya kwanza. Kwetu mapasa wakizaliwa, ngoma inalia, watu wanacheza, mama anaimbiwa. Weye hata wimbo mumoja haujui!"

"Sasa kwa nini haukusema?" mama akauliza, kamasi na machozi.

"Haukuniuliza. Samaki wanasema mutoto ni muzima, unga tunasema amekufa. Nikasema nangojea, nione mwisho yake."

Nilitaka kumpiga yule mama, kwa kweli. Miaka yote mitatu alikuwa na jibu ng'ambo ya ukuta wa udongo, akilikalia kama kuku! Jibu lenyewe lilikuwa jepesi hadi linakera. Kwao, alisema, jina laweza kurithiwa. Mtoto aweza kuitwa kwa heshima ya bibi au shangazi, na aliyerithi jina la pacha hahitaji kuwa pacha. Dada wa baba yake mwenyewe aliitwa Acen. Akanawa mikono, akanivuta katikati ya magoti yake, akachota maji kwa kikombe chetu cha bati akaninyunyizia kifuani. "Shangazi yangu alikuwa mufupi, mukali, na mudomo mingi," alisema. "Ile jina inakufaa. Leo nimekupa." Kisha akamgeukia mama. "Na weye, fungua mizigo. Chumba inanuka samaki, hata kutembea mutu hawezi."

Ijumaa walikuja. Yule bwana alibaki amepanda pikipiki yake, mguu mmoja chini, na Mama Ukumu alikuwa amekaa mlangoni kwetu na ungo wake, amejaza mlango wote. "Mapasa haiko," aliwaambia. "Hajawahi kuwako. Ile jina nilimupa miye, ni ya shangazi yangu. Watu wa mujini, mukisikia Acen munaanza kuhesabu watoto!" Aliyoyasema yote yalikuwa kweli, na namshukuru Mungu hakuna aliyeuliza alinipa lini. Bwana wa pikipiki akasema kama hakuna mtoto wa kutafutwa basi yeye hana kazi hapa, akaondoka, na vumbi lake jekundu likaingia ndani kwenye mboga. Madame Clarisse hakuondoka. Alinitazama, akamtazama mama aliyesimama nyuma yangu, akatazama mizigo ambayo mama, bila shaka, alikuwa ameifungua nusu tu.

Akachuchumaa, kama siku ile ya picha. "Ule Apiyo aliyekuwa anaogopa pikipiki," aliuliza, "anataka nini?" Nikasema anataka kufanya mtihani. Hakuuliza kitu kingine. Aliingia kwa Direktere yeye na Mama Ukumu, mmoja na sauti yake laini na mwingine na ungo wake, wakakaa humo ofisini hadi kengele ya mwisho. Walipotoka, Direktere alisema nitaandikishwa kwa mtihani, karatasi italetwa baadaye, mradi mama huyu wa unga asirudi tena ofisini kwake. Tangu hapo, kila nilipokwenda turubaini, Madame alinipa kalamu na kuniuliza swali moja: "Apiyo amelala?" Siku nyingine nilijibu amelala, siku nyingine nilijibu hajalala, na siku za hajalala tulikaa tu tukachora. Hakuniuliza tena kwetu ni wapi.

Mtihani niliufanya na nikafaulu. Karatasi niliipata nikiwa mtu mzima, baada ya kuzungushwa ofisi hadi ofisi kwa namna inayonichosha hata kuisimulia, na leo nafundisha darasa la sita hapa hapa Bunia. Mama na Mama Ukumu wamezeeka, wanashiriki jiko moja na wanagombana juu ya chumvi. Majuzi tuliitwa kwenye semina, chai na biskuti, juu ya afya ya akili ya wanafunzi wasio na hati, na bwana mmoja mwenye shati zuri alitumia neno ustahimilivu mpaka nikahisi meno yananiuma. Akaniomba nisimame niwaambie wenzangu nilistahimili vipi. Nilimwambia sikustahimili, nilitapika. Nilimwambia mtoto asikaziwe moyo kama parafujo, aulizwe kama amelala, kisha mtu mzima aende ofisini akagombane kwa niaba yake. Akacheka, akasema asante kwa ushuhuda, akarudi kwenye ustahimilivu wake. Zamani walituambia jikaze, na sasa wanatuambia neno refu lenye maana ile ile.

Mwanzoni mwa mwaka huu wa shule nilipita ofisini kuchukua chaki. Mbele ya katibu alisimama mwanamke kijana, amemshika mkono msichana wa kama miaka kumi, na kabla sijawaona vizuri niliisikia harufu, ile ile, ile isiyotoka kwa sabuni. Wametoka wapi? Mahagi, alisema yule mwanamke, kwa lafudhi niliyoijua kama ninavyoijua sauti ya mama yangu. Postnom ya mtoto? "Apiyo," akasema, haraka mno, na jasho likamtoka juu ya mdomo. Sikuamini masikio yangu. Miaka yote hii, soko lile lile, kosa lile lile, na hakuna hata mmoja wao anayejisumbua kuuliza!

Katibu akainua kichwa akitabasamu, kama wanavyotabasamu wote. "Apiyo! Na Acen wake iko wapi?" Yule mwanamke akamvuta mtoto karibu. Msichana akatazama mlango. Nikaweka chaki mezani.

"Acen wake ni miye," nikasema. "Andika mutoto, kengele imelia."